Waacheni Nyanya Wapumzike

Siku ambayo Mzee Taratibu hakurudi kutoka bustanini kunywa chai, mkewe hakushtuka. Mume wake hakuwahi kuwahi kitu chochote maishani mwake. Hata harusini kwao alifika watu wameshaanza kutazamana, udongo ukiwa bado kwenye visigino, akasema alikuwa anamalizia tuta. Kwa hiyo mama alifunika kikombe kwa kisahani, akaendelea kufunga mafungu ya mchicha ya kupeleka sokoni. Chai ikapoa. Akaipasha moto. Ikapoa tena.

"Wewe baba watoto!" alipiga kelele kutoka mlangoni. "Chai imegeuka maji ya kisima huku!"

Sokoni yeye walimwita Mama Chapchap, na mumewe ndiye waliyembandika hilo jina la Taratibu. Wakati mama alikuwa ameshauza, amehesabu chenji, ametukanana na mchukuzi na kupatana naye, baba alikuwa bado anachagua jani lipi la kabichi litolewe. Watoto wao wawili walikuwa wameolewa mbali. Nyumbani walibaki wao wawili tu, mmoja akikimbia na mwingine akitembea, na bado walifika mahali pamoja kila jioni.

Alimkuta ameketi chini katikati ya matuta yaliyo karibu na nyumba, mgongo umeegemea mti wa kushikilia miche, kofia imemshukia machoni. Mkononi alikuwa na kitambaa chekundu. Alikuwa amekizungusha kwenye shina la mnyanya, lakini fundo lilikuwa halijakazwa. Mama Chapchap aliinama akalikaza lile fundo kwanza. Hata yeye hakujua kwa nini. Ndipo akapiga yowe.

*

Katika nyumba ile nyanya zilikuwa za namna mbili, na tofauti yake ilikuwa kwenye ulimi. Kiangazi Mzee Taratibu alipanda mbegu za dukani kama watu wengine, nyanya za duara, laini, zenye sura ya kuuzika. Hizo aliziita zile. "Nyanya zile zimeiva, kachume." Lakini kando yake alipanda miche michache ya mbegu aliyoachiwa na mama yake mzazi. Matunda yake yalikuwa makubwa, yenye mikunjo, mabaya kwa sura kama ngumi ya mtu aliyekasirika. Na majani yake hayakuwa na meno pembeni kama ya minyanya mingine. Yalikuwa laini kutoka shina hadi ncha.

"Tazama," alimwambia mkewe mwaka wa kwanza wa ndoa yao. "Vibogoyo. Wana mikunjo, hawana meno, na ukoo mzima wameubeba wao. Hizi si nyanya, mke wangu. Hawa ni nyanya."

Ikawa hivyo. Nyanya wale walifungwa vitambaa vyekundu na hawakuguswa mpaka wameiva kupita kiasi, mbegu zao zikatolewa, zikaoshwa, zikaanikwa, zikangoja mvua. Mvua ilipoanza, nyanya za dukani zilipasuka na kuoza kwa kila mkulima. Za mama yake Mzee Taratibu hazikupasuka. Miezi ile ya mvua ndiyo iliyowalisha mwaka mzima, kwa sababu nyanya zao ndizo peke yake zilizofika nzima kwenye jiko la shule ya bweni.

*

Msibani watu walijaa kuliko mjane alivyotegemea. Mama Chapchap, ambaye hakuwahi kukaa chini kabla ya adhuhuri, aliketishwa kwenye mkeka na kuambiwa asinyanyuke. Dada wa marehemu, wifi yake, ndiye aliyeshika jiko. Wifi alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya kuamrisha na moyo wa kulia upesi, na aliolewa mjini akiwa msichana mdogo. Ya bustani hakuyajua. Aliinama sikioni kwa mjane.

"Wifi yangu, samahani. Watu ni wengi, maharage tunayo, lakini mchuzi tutauungia nini?"

"Bustani si ipo? Chumeni nyanya. Chumeni kila kitu," mama alijibu, macho yakiwa ukutani. "Ila wale nyanya waacheni wapumzike."

Wifi aligeuka akatazama. Kwenye mkeka wa upande wa pili walikuwa wameketi wanawake wazee watatu, miguu wameinyoosha, vumbi la njia bado liko kwenye vidole.

"Hao?" alinong'ona. "Hata mimi nisingethubutu kuwasumbua."

Na kweli hakuwasumbua. Aliwaletea maji, akawaletea mito ya kuegemea, akamkataza mtu yeyote asiwatume. Wawili walishukuru wakalala. Wa tatu aligoma. Huyo alikuwa jirani wa nyumba ya tatu, aliyeitwa Nyanya Redio kwa sababu alikuwa hazimwi.

"Nipumzike mimi kwani ni gunia?" alisema. "Marehemu huyu amenipa mboga bure tangu nilipofiwa na wangu. Leo ndiyo nimtazamie dari? Nipe kisu."

Wakampa kisu na beseni, akaketi mlango wa nyuma wa jiko, akakata nyanya za watu wote wale huku akiongea. Wifi na wenzake waliingia bustanini wakachuma kila kilichoiva. Kisha, kwa kuwa watu waliendelea kuja na jua lilikuwa kali, waling'oa miche ya matuta yaliyo karibu na nyumba, wakasawazisha, wakapanga mabenchi kivulini.

Baada ya maziko mjane aliletewa sahani. Hakuwa na hamu, ila walimsimamia kama mtoto, akala. Kijiko cha tatu, meno yakakataa kitu. Akakivuta kwa vidole: kipande cha kitambaa chekundu, kimeloa mchuzi, fundo lingali limekazwa. Fundo lake mwenyewe.

Aliangalia nje ya mlango, akaona watu wanasogeza sahani mbele wakiomba kuongezewa. Alikifumba kile kitambaa kiganjani. Kisha akala sahani yote mpaka akaifuta kwa kidole, kwa sababu hicho ndicho chakula cha mwisho ambacho mumewe alimlimia.

*

Kesho yake alitoka nje kwa mara ya kwanza. Palipokuwa na wale miche palikuwa pameshindiliwa kama sakafu, na miguu ya mabenchi imeacha vishimo.

"Wifi," aliita. "Wale nyanya wako wapi?"

"Wamesharudi makwao, wifi yangu. Nilihakikisha kila mmoja amefungiwa chakula cha kwenda nacho. Yule mwongeaji nikamfungia mara mbili."

"Sisemi hao. Nasema wale wenye vitambaa."

Wifi alikuwa anafuta sufuria. Mkono ukasimama. "Vitambaa? Zile nyanya mbaya mbaya zilizofungwa vitambaa vyekundu? Mimi nilidhani ni kamba za kushikilia mche."

"Zile?" alisema Mama Chapchap. "Umewaita zile?"

"Sasa niziiteje? Si ulisema tuchume kila kitu? Ulisema nyanya wapumzike, nikawapumzisha! Nikawaletea mpaka mito!"

Siku nyingine mama angecheka mpaka akakaa chini. Siku hiyo maneno yalimtoka chapchap, kama kila kitu chake.

"Ile ilikuwa mbegu ya mama yako. Mama yako wewe! Mimi niliyeolewa hapa naijua, wewe uliyezaliwa nayo umeitia kwenye maharage. Kaka yako hata udongo haujakauka juu yake, na wewe umeshamfutia kazi yake yote."

Wifi alimaliza kuifuta ile sufuria, akaifunika juu ya nyingine, akaingia ndani kuchukua mkoba wake. Alipita mlangoni akisema kwaheri kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyejua kuwa anayo. Mama Chapchap alimwacha aende peke yake hadi barabarani. Mtu aliyekuwa amewapikia wafiwa wote aliondoka bila hata mmoja wa kumbebea mkoba.

*

Chupa ya mbegu juu ya kabati ilikuwa tupu. Aliigeuza, akaipiga kofi matakoni, hakikutoka kitu. Mzee Taratibu hakuwa mtu wa kulimbikiza. Alichobakiza msimu uliopita alikigawa kwa majirani, na mkewe alimsema sana. "Unagawa mbegu kama peremende," alimwambia, na yeye akacheka tu.

Basi akafunga kilemba vizuri, akaenda kuomba alichokuwa anamkataza mumewe kugawa. Kwa jirani wa kwanza walimkaribisha kiti. "Zile? Tulizila, mama. Zilikuwa tamu!" Kwa wa pili mwenye nyumba alitazama chini. Alikuwa amepanda mara moja, akaziona sura, akarudi kwenye za dukani. Kwa mwingine kuku walizifikia kabla ya mvua. Kila mahali walimpa pole, kila mahali walimsifu marehemu, na kila mahali alitoka mikono mitupu akisema ahsante.

Duka la pembejeo lilikuwa limejaa wateja. Kijana aliyeuza alimsikiliza huku anampimia mtu mwingine mbolea.

"Inaitwaje hiyo mbegu, mama?"

"Haina jina la dukani. Nyanya yake ina mikunjo, jani lake halina meno."

"Kibogoyo!" kijana akasema, na duka zima likacheka. Hakukusudia ubaya, alikuwa anafurahisha wateja tu. Akamwekea pakiti mezani, yenye picha ya nyanya inayong'aa. "Chukua hii, mama. Hii ina meno yote."

Mama Chapchap aliitazama ile picha. Hata tone la mvua halikuwa limeigusa. Alisema atarudi, akatoka nje akiwa ameuma mdomo, maana neno lile lililowachekesha lilikuwa la mumewe, na wao hawakujua wanamchekea nani.

Njiani alikutana na mpishi wa shule, anaendesha baiskeli yenye kikapu kitupu. Alishuka kwa heshima, akavua kofia.

"Pole tena, mama. Mzee alinizoesha vibaya. Mimi mvua ikianza siangalii nyanya ya mtu mwingine. Kuna mtu anaiomba ile nafasi yenu ya kutuletea nyanya shuleni. Nimwambieje?"

Angeweza kumwambia ukweli. Lakini ulimi wake haukujua kwenda polepole.

"Mwambie ina mwenyewe. Niwekee."

"Hilo tu ndilo nililotaka kusikia," mpishi alisema, akapanda baiskeli yake. Mama alibaki kando ya njia na ahadi ambayo hata mbegu yake hakuwa nayo.

*

Mvua za kwanza zilinyesha kidogo kidogo, za kulowesha vumbi. Nyuma ya jiko, mahali ambapo maji ya vyombo yalimwagwa siku zile za msiba, majani yaliota kwa fujo. Asubuhi moja Mama Chapchap alichukua jembe ayafyeke. Hakuwa na cha kupanda, lakini mikono ilikataa kukaa.

Nyanya Redio alikuja kumtazama kama alivyofanya kila siku tangu msiba, akageuza ndoo, akakalia, akafungulia. Alieleza habari za mguu wake, za mkwe wake, za bei ya sabuni. Jembe lilikuwa linashuka na kupanda.

"Na hapo unapolima ndipo nilipokalia siku ile nakata nyanya," alisema Nyanya Redio. "Walitaka kunilaza, mie nikakataa. Sasa wewe, zile ndogo za duara nilizikata hivyo hivyo. Lakini zile kubwa zenye mikunjo! Mbegu tele. Na tumbo langu na mbegu za nyanya hawasalimiani. Nikazikamua zote, moja moja, nikatupa hapo hapo, kisha wakaja wakamwagia maji ya vyombo. Wifi yako alinipigia kelele eti nachelewesha mchuzi, nikamwambia, mwanangu, taratibu…"

Jembe lilibaki juu.

Mama Chapchap alilishusha polepole, akaliweka chini kama mtu anayelaza mtoto. Akapiga magoti. Nusu ya majani alikuwa ameshayafyeka. Akayapekua yaliyolala: nyasi, mchicha pori, mche wa nyanya uliokatika shingo. Akalitazama jani lake. Halina meno. Akafumba macho. Kisha akasogea kwa magoti hadi pale jembe lilipokuwa halijafika, akatenga nyasi kwa vidole, jani kwa jani. Huu una meno, wa dukani. Huu una meno. Huu…

"Kibogoyo," alisema. Akasogea. "Kibogoyo. Na huyu. Kibogoyo!"

"Nani kibogoyo?" Nyanya Redio akasimama kutoka kwenye ndoo. "Mimi nina meno mawili na yote yanafanya kazi!"

Mama Chapchap alianza kucheka. Alicheka akiwa amepiga magoti kwenye tope, kicheko kikageuka kilio, na kilio kikarudi kuwa kicheko, na Nyanya Redio, ambaye hakuelewa chochote, aliketi karibu naye akamshika bega. Kwa mara ya kwanza tangu watu wamjue, alinyamaza.

"Ahsante, nyanya," mama alisema alipoweza. "Ahsante kwa kukataa kupumzika."

*

Mche wa kwanza aliung'oa na udongo wake, akauweka kwenye kopo la maziwa, akavuka nao mji mzima kwa miguu kwa kuogopa usije ukavunjika kwenye gari.

Wifi alifungua mlango, akaziba njia kwa mwili wake. "Karibu," alisema, bila kusogea. "Sijui kama kuna kingine chenu nilichokula."

"Nimekuletea mama yako," alisema Mama Chapchap, akamnyooshea kopo.

Wifi alilitazama lile kopo. Mama akamwonyesha jani, akapitisha kidole pembeni mwake, akamweleza habari yote: vibogoyo, vitambaa, zile na wale, na bibi aliyegoma kulala. Wifi alisikiliza mdomo wazi. Ilipofika habari ya mito, bega lake likaanza kutikisika.

"Kwa hiyo mimi niliwawekea mito nyanya wasio nyanya…"

"Na wale nyanya wenyewe ukawachemsha."

Walicheka mpaka mtu wa nyumba ya jirani akachungulia. Kisha mama akasema, "Nilikutoa nyumbani kwa kaka yako kama mwizi. Nisamehe, wifi yangu."

"Yameshapita." Wifi alijifuta uso kwa upindo wa nguo. "Unajua nilichokuwa nawaza siku zote hizi? Wale watu wote walikula wakashiba. Kaka yangu hakuwahi kumwalika mtu akawahi na chakula. Siku ile aliwahi."

Alisogea mlangoni. "Ingia basi. Hilo kopo nipe mimi nilishike."

*

Miche iliyonusurika jembe ilipandwa mahali pale pale palipokuwa na mabenchi. Udongo ulikuwa mgumu, ikabidi waulainishe kwa mikono. Wifi alikuja na nguo za kazi ambazo ni dhahiri zilikuwa za mumewe, akalima vibaya, akaumwa kiuno, akalalamika kuanzia tuta la kwanza hadi la mwisho. Mama Chapchap alimrekebisha, na katikati ya kumrekebisha alijisikia anasema, "Polepole, wifi. Mche hauna haraka." Wote wawili wakajua sauti ile ni ya nani. Wakaendelea.

Mvua kubwa ilikuja. Nyanya za wengine zilipasuka shambani kama kila mwaka. Za pale hazikupasuka. Hazikuwa nyingi. Mpishi alipokuja na kikapu chake, mama alimwambia mapema kwamba hakitajaa, na kwamba siku ile njiani alimwahidi kitu ambacho hakuwa nacho. Mpishi alichukua nyanya moja yenye mikunjo, akaigeuza geuza mkononi.

"Nusu kikapu chako kinanitosha kuanzia," alisema. "Nafasi si ulisema ina mwenyewe?"

Alipoondoka, Mama Chapchap alipita kati ya matuta na kitambaa kilichofuliwa, kile kilichotoka kwenye sahani. Alichagua mche ulionyooka kuliko yote, ule uliopandwa mahali alipokuwa ameegemea mumewe, akakizungusha kwenye shina. Hakukifunga. Alimwita wifi yake.

"Njoo wewe ukaze."

Wifi akakaza, fundo mara mbili, akavuta kuhakikisha.

Sasa yeye ndiye anayevifunga vitambaa vyote. Anakuja kila nyanya zikianza kuiva, na mtu yeyote anayepewa kikapu akachume, awe jirani au mgeni, husimamishwa naye kwanza mlangoni na kuambiwa, kidole kikielekea bustanini: zile zinachumwa, wale wanaachwa.